Kidude cha waifai kinachojifanya CD, na kuta za Mji Mkongwe

Swali: Assalaam alaykum fundi. Kompyuta yangu ni ya mezani, Windows 10, haina waifai. Nimenunua kidude cha USB Darajani, boksi limeandikwa 600 Mbps, muuzaji akaniambia nichomeke tu. Nikichomeka panatokea alama ya CD yenye jina DISK, na mtandao hauonekani hata mmoja. Boksini mna CD ndogo lakini CPU yangu haina pa kuitia. Kijana wa jirani aliniletea kwenye flashi programu ya kutafuta draiva. Imejaza matangazo matupu, draiva haikupatikana. Nakaa Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kompyuta ipo chumba cha chini, ruta ya laini ya 4G ipo ghorofa ya pili dirishani. Nifanyeje, na nikishafanya itashika kweli huko chini? (Mwalimu wa skuli, Malindi)

Waalaykum salaam, mwalimu. Hiyo alama ya CD ni habari njema. Maana yake kidude ni kizima: kompyuta imekiona na imekipa umeme, ila kimejitambulisha kwa jina la kitu kingine. Vidude vingi vya bei nafuu, khasa vyenye chipu za Realtek, vimetiwa ndani yake hifadhi ndogo yenye draiva, yaani programu inayoifundisha kompyuta kukitumia kifaa. Ukikichomeka kwenye kompyuta isiyokijua, kinajitangaza kuwa ni CD, kikitaraji uifungue na usakinishe kilichomo. Draiva ikishakaa, yenyewe ndiyo inayokiamuru kigeuke kiwe kadi ya waifai. Kwa hiyo ile CD ya boksini iweke kando, huna haja nayo.

Kabla ya yote, iondoe ile programu ya jirani. Fungua "Settings", kisha "Apps", itafute kwa tarehe iliyowekwa, na ubofye "Uninstall". Programu za namna hiyo zinaahidi kutafuta draiva zote, halafu zinadai malipo au zinakubandikia draiva isiyo ya kifaa chako. Ikishaondoka, washa kompyuta upya.

Sasa chomeka kidude kwenye tundu la nyuma ya CPU, fungua "This PC", bofya mara mbili ile DISK. Ukikuta faili la Setup, liendeshe, uliache lifanye kazi yake hata kama skrini inaonekana imesimama kwa dakika mbili tatu, kisha washa upya. Mara nyingi kazi inaishia hapo. Kama faili halipo au limegoma, bofya kulia juu ya DISK uchague "Eject", lakini usikichomoe kidude. Alama ya CD itaondoka, na baada ya sekunde chache utasikia tena ule mlio wa kifaa kipya. Kimegeuka.

Sasa kitafute kwa jina lake la kweli. Bofya kulia kitufe cha Start, chagua "Device Manager". Kama Windows ina draiva yake, utakikuta chini ya "Network adapters" na kazi imekwisha. Kama haina, kitakuwa chini ya "Other devices" na alama ya njano, kimeandikwa kitu kama "802.11n NIC" au "802.11ac NIC". Kibofye mara mbili, nenda "Details", na kwenye orodha ya "Property" chagua "Hardware Ids". Utaona mstari wa namna hii:

USB\VID_0BDA&PID_C811

Mstari huo uandike kwenye karatasi, au upige picha kwa simu. Ni wa kuaminika kuliko boksi, kuliko muuzaji, kuliko nembo iliyogongwa juu ya plastiki. Viwanda vinavyounda boksi ni vingi, vinavyotengeneza chipu ni vichache, na draiva ni ya chipu. Vidude viwili vyenye boksi moja na rangi moja vinaweza kuwa na chipu mbili tofauti kabisa, ndiyo maana kutafuta draiva kwa jina la boksi kunapoteza siku nzima.

Namba baada ya VID ni ya kampuni: 0BDA ni Realtek, 148F ni Ralink, ambayo sasa imo ndani ya MediaTek, 0E8D ni MediaTek wenyewe, 2357 ni TP-Link. Namba baada ya PID ni ya kifaa chenyewe, na ndiyo inayokuonesha chipu. Utakazokutana nazo sana kwenye vidude vya madukani ni 8179, ambayo ni RTL8188EU. B711, ambayo ni RTL8188GU. C811, ambayo ni RTL8811CU. Na 148F yenye 7601, yaani MT7601U. Ukiona 0BDA na 1A2B, basi bado kimo kwenye hali ya CD, hakijageuka, rudia "Eject".

Bila ya intaneti draiva utaitoa wapi? Simu ya Android inatosha. Iunganishe simu na waifai ya nyumbani, ichomeke kwenye kompyuta kwa waya wake wa chaji (uwe waya unaopitisha data, maana nyingine ni za chaji tu), kisha kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya hotspoti, washa "USB tethering". Windows 10 kwa kawaida inaitambua yenyewe na kompyuta inapata intaneti kupitia simu. Simu nyingi za Android zinapitisha waifai ya ruta kwa njia hii, kwa hiyo bando la simu haliguswi. iPhone inahitaji programu ya Apple kwenye kompyuta kwanza, na kwa kazi hii inakuzungusha bure, azima Android.

Hapa pana mtego wa bando la ruta. Kompyuta iliyokaa miezi bila ya mtandao, ikionja intaneti tu, inaanza kupakua masasisho yake, na GB zinaondoka bila ya kukuuliza. Mara tu simu inapounganishwa, nenda "Settings", "Network & Internet", bofya "Properties" za muunganisho huo, uwashe "Set as metered connection", ili Windows ijue bando linahesabika. Ila ukishafanya hivyo Windows inasita pia kupakua draiva. Irudishe ruhusa hiyo peke yake: "Settings", "Devices", ukurasa wa "Bluetooth & other devices", shuka chini uweke tiki "Download over metered connections". Kisha ingia "Windows Update", "View optional updates", "Driver updates". Ukikuta jina lenye Realtek au MediaTek na neno Wireless, litie tiki upakue. Ukubwa wake kwa kawaida ni MB chache, mara nyingine makumi kadhaa.

Kama huko hamna kitu, ingia catalog.update.microsoft.com, hifadhi ya draiva ya Microsoft wenyewe, na kwenye kisanduku cha kutafutia andika ule mstari wako wote, VID na PID. Chagua lililoandikwa Windows 10 na lenye tarehe ya karibuni, na hakikisha ni la x64 kama mfumo wako ni wa biti 64. Faili litakuja na mwisho wa .cab, na ukilibofya halifanyi lolote la maana. Lifunguliwe kwa amri. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kwa "Run as administrator", andika mkdir C:\waifai ubonyeze Enter. Lipe faili jina fupi, tuseme draiva.cab, ulihamishie kwenye C:\waifai. Kisha:

expand C:\waifai\draiva.cab -F:* C:\waifai
pnputil /add-driver C:\waifai\*.inf /install

Amri ya kwanza inalifungua faili, ya pili inaisakinisha draiva. Ukijibiwa kuwa imeongezwa lakini kidude bado kina alama ya njano, kichomoe ukichomeke tena. Kikionesha "Code 28", draiva haijapatikana, yaani umechukua ya chipu nyingine. "Code 10" ni draiva imepatikana lakini imeshindwa kukianzisha kifaa: jaribu toleo jengine la draiva hiyo hiyo. "Code 43" ni kifaa chenyewe kimelalamika. Kihamishie tundu jengine la nyuma, na kikiendelea hivyo hivyo kwenye kompyuta ya pili, kirudishe dukani na risiti.

Kikishakubali, usikimbilie neno la siri. Humo humo kwenye Command Prompt andika kwanza netsh wlan show drivers na usome mstari wa "Radio types supported". Ukiona 802.11ac, kidude kinafika bendi (fungu la mawimbi) ya 5 GHz. Ukiona b, g na n tu, kwa vidude hivi vya bei ya chini ni 2.4 GHz peke yake, hata boksi liseme nini. Hiyo kasi ya 600 ya boksini ni jumla ya kubandika: 433 za bendi ya 5 na 150 za 2.4, zikapandishwa hadi 600. Hazitumiki pamoja. Na hizo 150 zinapatikana kwa upana wa chaneli wa 40 MHz. Kwa 20 MHz ni 72, na mafaili yanayopita kweli ni kiasi cha nusu ya hapo. Kwa intaneti ya 4G ya nyumbani hiyo inatosha, kwa hiyo hujapunjwa sana. Umeuziwa namba ndefu tu.

Kama simu inaiona waifai yenu na kompyuta haiioni, au inakataa kuunganika nayo, sababu ni chache. Ruta au hotspoti imewekwa 5 GHz na kidude ni cha 2.4. Au ruta iko chaneli ya 12 au 13, ambazo baadhi ya vidude havizisikilizi. Au ulinzi umewekwa WPA3 peke yake na draiva haiujui. Ingia kwenye mipangilio ya ruta (anwani na neno la siri huwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake), weka 2.4 GHz, upana wa 20 MHz, chaneli 1, 6 au 11, na ulinzi wa WPA2 au ule wa mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Chaneli tatu hizo ndizo zisizopandiana. Mji Mkongwe nyumba zimeshikana na nyumba za wageni kila upande, kila moja na ruta zake. Pakua kwenye simu programu ya kupima waifai, tazama ipi kati ya tatu ina watu wachache pale ilipo kompyuta, uichague hiyo.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwa nyumba yako ndilo zito. Ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita na kuzidi, na wakati wa masika unakunywa maji. Maji yanayameza mawimbi ya 2.4 GHz, kwa hiyo waifai iliyokuwa ikishika Januari inaweza kulegea mwezi wa Aprili bila ya kitu chochote kuharibika. Dari nazo ni boriti za mikoko zimebeba mawe na zege ya chokaa; kutoka ghorofa ya pili hadi chini mawimbi yanakatiza dari mbili kama hizo. Usitegemee yapite moja kwa moja. Yatafutie njia ya wazi: ngazi, milango, na ule uwa wa ndani kama nyumba yenu inao.

Vitu viwili vinahamishika, ruta na kidude. Anza na kidude, kwa sababu hapo ndipo penye hasara ya bure. Kikichomekwa nyuma ya CPU iliyo chini ya meza, kina bati la CPU upande mmoja na ukuta upande wa pili. Nunua waya wa kurefusha USB wa mita moja au mbili, mnene kidogo, ukitoe kidude hadi juu ya meza au ukining'inize karibu na fremu ya mlango unaotazama uwa au ngazi. Usizidi mita 5, ndio mwisho wa USB 2.0, na waya mwembamba unalegea kabla ya hapo kwa sababu umeme unapungua njiani. Kiweke mbali pia na matundu ya buluu ya USB 3.0 yenye diski ya nje: vifaa vya USB 3.0 vinatoa kelele ya mawimbi inayoingia humo humo kwenye 2.4 GHz, na kidude kilichobanwa ubavuni mwa diski kinakuwa kiziwi kila unaponakili faili.

Kila ukihama, pima. Andika netsh wlan show interfaces usome "Signal". Asilimia za Windows zina kipimo chake: 100 ni -50 dBm na kuzidi, 50 ni -75 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi, na namba iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo yenye nguvu). Tafuta 60 kwenda juu. Kati ya 40 na 60 kurasa zitafunguka lakini simu za video zitakatika. Chini ya 40 utachoka nayo. Kipe nusu dakika kila pahala kabla ya kusoma, maana namba inacheza, na jaribu kukizungusha kidude wima na ubavu. Sentimita 30 tu zinaweza kubadilisha jibu.

Ruta ni shauri gumu zaidi kwa sababu inasikiliza pande mbili. Imewekwa dirishani ili iupate mnara, na ukiileta katikati ya nyumba waifai inanawiri huku 4G inakufa. Kwenye ukurasa wake wa mipangilio tafuta RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara. Kati ya -80 na -100 uko pazuri. Ikishuka chini ya -110 ni dhaifu. Kama dirishani inasoma -85, unayo nafasi ya kuitoa hadi kichwani mwa ngazi, ipoteze kiasi, na bado ikatosha. Kama pale dirishani imeshafika -108, iache hapo hapo usiiguse.

Ikishaunganika halafu ikawa inakatika katika, sikiliza. Ikikatika pamoja na ule mlio wa USB kuchomoka, tatizo ni umeme au mguso: kidude kimezimika kabisa kisha kikawaka. Ikikatika kimya kimya, tatizo ni mawimbi, au Windows imekilaza kupunguza matumizi ya umeme. Kwa hilo la kulazwa nenda Device Manager, kidude chako, "Power Management", uondoe tiki ya "Allow the computer to turn off this device to save power". Kama ukurasa huo haupo, ingia mipangilio ya juu ya "Power Options" uzime "USB selective suspend".

Lile tatizo la umeme au mguso kwenu Malindi lina mkono wa bahari. Upepo wa chumvi unakula miguso ya matundu ya USB, ya mbele khasa, kwa sababu yako wazi na watu wanayatumia kila siku. Chungulia kwa tochi: dhahabu ya miguso ikiwa imefifia au ina unga wa kijani, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, safisha kwa spiriti ya asilimia 90 na kuzidi kwa kijiti kilichozungushiwa kitambaa kisichoacha nyuzi, subiri ikauke kabisa. Usitumie maji wala marashi. Kidude chenyewe kifutwe vivyo hivyo.

Kuna kosa moja linalolaumiwa kwa waifai na si lake. Waifai imeshika, lakini kila tovuti inadai kuwa si salama au cheti kimekosea. Tazama saa ya kompyuta. Kwenye CPU ya zamani, betri ya duara ya CR2032 iliyo kwenye bodi ikifa, umeme ukikatika tarehe inarudi miaka ya nyuma, na vyeti vya tovuti vinaonekana kama havijaanza. Ni betri ya volti 3 inayouzwa mpaka maduka ya saa. Zima, chomoa umeme, badilisha, rekebisha tarehe.

Na ikisema imeunganika lakini hakuna intaneti, andika ipconfig kwenye Command Prompt. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake ruta haikukupa anwani: ipconfig /release, kisha ipconfig /renew, na ikigoma zima ruta kwa dakika moja uiwashe. Kama anwani ni nzuri, andika ping pamoja na anwani iliyoandikwa "Default Gateway", yaani ruta yako; amri hiyo inaibishia hodi uone kama inajibu. Ikijibu, na ping 8.8.8.8 (seva ya Google kwenye intaneti) haijibu, kidude chako hakina kosa. Tazama bando la laini au mnara.

Jambo jengine kuhusu mfumo. Msaada wa Microsoft kwa Windows 10 ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025. Ukija kuhamia Linux, mfumo mwengine wa bure, MT7601U inashika yenyewe tangu kerneli (kiini cha Linux) ya 4.2. Chipu za Realtek za C811 zinahitaji kerneli ya 6.2 kwenda mbele, na huenda zikabaki kwenye ile hali ya CD hadi uitumie usb_modeswitch, programu ya kuzigeuza. Iangalie namba yako kabla ya kuhama.

Kama umejaribu pembe zote za chumba na "Signal" haivuki 40, usinunue kidude cha pili chenye antena ndefu zaidi. Nunua waya. Kompyuta ya mezani haihami, CPU yako karibu hakika ina tundu la LAN, yaani la waya wa mtandao, nyuma, na waya wa mtandao wa aina ya Cat5e unafika mita 100. Pima kwa kamba kutoka ruta, ushuke na ngazi, hadi mezani, uongeze mita 2 za kuchezea, uulize dukani waya uliokwishafungwa vichwa vyake viwili. Hakikisha kwanza ruta yako ina tundu la LAN, maana vile vidogo vya mfukoni vya 4G mara nyingi havina. Upitishe ndani ya nyumba tu, usiutoe nje juani wala usiuvushe kwenda nyumba ya jirani, na usiulaze sambamba na waya wa umeme njia nzima. Draiva ya LAN Windows 10 kwa kawaida inayo tayari.